Viti vya Packard mmevisahau

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala yenu kuhusu gari la Packard Caribbean la mwaka 1956 lililofufuliwa huko Marekani. Mmesifia rangi zake tatu, injini ya V8 yenye nguvu za farasi 310, na uadimu wake, kwamba mwaka ule yalitengenezwa magari 276 tu ya kufunua paa. Viti hamkuvigusa kabisa. Mimi ni fundi viti hapa Mwanjelwa, kwa hiyo mtanivumilia.

Viti vya gari lile vina mito ya kugeuza: upande mmoja ngozi, wa pili kitambaa. Kwa gari linalotembea paa wazi hiyo ni akili kubwa, maana ngozi ikipigwa na jua inaunguza mapaja, na asubuhi ya Julai kule Uyole ukiikalia utaruka kwa baridi. Kwa fundi, lakini, ni kazi mara mbili. Mishono ya pande zote lazima ikutane, na mto ukigeuzwa ukae palepale bila kupwaya. Huko hakuna kupima kwa macho. Unafumua kava la zamani mshono kwa mshono, unalilaza mezani, unakata jipya kwa kulifuata.

Hapo ndipo penye kilio changu. Kwetu, mwenye gari la zamani huchana kava na kulichoma moto, kisha ndiyo anakuja kwangu. Kuna kijana alileta Peugeot 504 ya marehemu baba yake, anataka irudi ilivyokuwa. Gereji alikoanzia walishatupa kila kitu, zimebaki fremu na springi. Nilichoambulia ni kipande cha ukubwa wa kiganja, kimenasa chini ya kiti cha nyuma, bado kahawia iliyokolea kwa kuwa jua halikukifikia. Rangi nikaijua. Upana wa michirizi ya mshono nimeukisia tu, na kijana karidhika kuliko mimi.

Wenye magari, kava kuukuu lileteni kwenye kiroba, hata kama limeoza na panya wamelala humo.

Nanyi, mkipata picha nyingine za Packard ile, chapeni ya ndani, mto ukiwa umegeuzwa nusu. Nataka nione pembeni wamemalizia kwa paipingi, ule utepe mwembamba wa mviringo unaoshonewa kwenye ukingo, au wamekunja tu.

Fundi viti,
Mwanjelwa, Mbeya