Mahujaji, utumbo mzuri uko Testaccio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwape neno wanaparokia wenzangu wa Dodoma wanaojiandaa kwenda hija Roma. Mimi ni mama lishe wa hapa Majengo. Nilibahatika kufika, na kusema kweli jicho langu lilikuwa kwenye masufuria kuliko kwenye sanamu (Padri anisamehe).

Migahawa ya karibu na Vatican yenye picha za vyakula mlangoni na kijana anayewaita watu kama mpiga debe wa stendi, ipiteni tu. Vukeni Mto Tiber mwende mtaa wa Testaccio. Pale palikuwa na machinjio ya jiji hadi 1975, na utumbo wanaujua: unaivia taratibu kwenye rojo la nyanya na mnanaa, kisha wanakunia jibini ya kondoo juu. Mkia wa ng'ombe nao unachemka mpaka nyama inaachia mfupa.

Someni bili, maana kuna wanaotoza hata mkate ambao hukuagiza. Kahawa inywewe kwa kusimama kaunta, ukikaa bei inapanda. Na msitoke kula saa kumi na mbili jioni. Wenyeji huanza kuingia saa mbili usiku.

Mama lishe,
Majengo, Dodoma