Kabla hujachagua kisiwa

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba unataka kwenda kisiwa cha mbali kisicho na misururu ya watalii. Umeniuliza kisiwa gani kinapendeza zaidi. Mimi nakuomba uulize kwanza kinafikiwa kwa njia gani, maana njia ndiyo inayoamua wageni wawe wangapi, na wewe mwenyewe utakuwa mgeni wa namna gani.

Tazama Saint Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini. Umbali wake ndio uliowafanya Waingereza wampeleke Napoleon wa Ufaransa kifungoni huko mwaka 1815, akabaki mpaka alipofariki mwaka 1821. Kwa miaka mingi watu walifika kwa meli ya posta, siku 5 hivi kutoka Cape Town. Kisha ukajengwa uwanja wa ndege, na baada ya kucheleweshwa na upepo mkali kwenye njia ya kutua, safari za kawaida za abiria zikaanza Oktoba 2017. Wageni bado si wengi. Lakini sasa mtu anaweza kwenda na kurudi upesi, akapiga picha zake basi.

Ninakokufikiria wewe ni Tristan da Cunha, kama kilomita 2,400 kusini zaidi. Wakazi hawafiki 250, na wote wanaishi kijiji kimoja chini ya mlima wa volkano. Uwanja wa ndege hakuna. Kuna meli chache kwa mwaka kutoka Cape Town, na safari huchukua wiki nzima hivi, wakati mwingine zaidi. Bandari yenyewe ni ndogo mno, meli haiwezi kuingia. Hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa mashua. Bahari ikichafuka, mnangoja. Wapo waliokiona kisiwa kwa macho na wasikikanyage.

Na kabla ya yote hayo, lazima baraza la kisiwa likukubalie. Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Mimi naona ni haki yao kabisa. Mwaka 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji, watu wote wakahamishiwa Uingereza. Wangeweza kubaki huko. Lakini mwaka 1963 wengi wao walirudi kwenye mashamba yao ya viazi na uvuvi wao wa kambakoche, ambao hadi leo ndio unaowaingizia fedha. Watu waliokipenda kisiwa chao kiasi hicho wana kila sababu ya kutaka kujua nani anakuja.

Hoteli usitarajie, utapangiwa malazi kwa wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule siku ya tatu huwezi kuondoka hata ukitaka, kwa hiyo jembe lipokee kwa mikono miwili.

Tristan ikikushinda, ipo Pitcairn katika Pasifiki, walikohamia mabaharia walioasi kwenye meli ya Kiingereza ya Bounty mwaka 1790. Leo wamebaki watu wasiofika 50, na huko pia ni meli tu. Tokelau nayo hufikiwa kwa chombo kutoka Samoa. Kuhusu Socotra ya Yemen, yenye miti ya damu ya joka, iitwayo hivyo kwa utomvu wake mwekundu, nakusihi usubiri: vita vya nchi ile havijaacha mambo kutulia, na kisiwa chenyewe tayari kina mzigo wake, maana miche ya miti hiyo inaliwa na mbuzi.

Basi anza na barua kwa baraza la Tristan. Waeleze wewe ni nani na unakwenda kwa nini, na usijifunge na tarehe ya kurudi, maana meli na bahari ndizo zitakazoipanga. Wakikukubalia, niandikie siku hiyo hiyo. Kama kuna nafasi ya pili melini, niombee mimi.

Wako akupendaye daima.