Barua ya malalamiko: dawa ya viroboto ya mbwa niliyouziwa nimpake paka

Walukuba,
Jinja.
17 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Dawa za Mifugo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

KUH: DAWA YA MBWA ILIYOTAKA KUMUUA PAKA WANGU

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na naomba barua hii isomwe hadi mwisho.

Jumamosi tarehe 8 Machi nilifika kwenye duka lenu hapa Jinja kwa ajili ya mbwa wangu, Simba, ambaye ana mzio wa viroboto. Kinachomdhuru ni mate ya kiroboto anapouma, kwa hiyo hata viroboto wawili watatu wanatosha kumnyima raha. Alikuwa amejitafuna pale mkia unapoanzia mpaka manyoya yakaisha, ngozi ikawa nyekundu na yenye majimaji. Usiku tulikuwa tunalala tukisikia meno yake yakigongana.

Muuzaji wenu alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama nina mnyama mwingine nyumbani, nikamwambia yuko paka, Nyota, wa kilo tatu hivi. Akasema ni lazima watibiwe wote, maana ukimwacha mmoja viroboto watabaki kwake. Hapo alisema kweli, kwani kiroboto anayewasumbua mbwa mara nyingi ndiye yule yule wa paka. Lakini badala ya kunipa dawa ya paka, akaninyooshea boksi lile lile la mbwa: "Chukua hii, mama, paka mgawie nusu tu." Nikalipa shilingi 30,000 nikaondoka nikiwa na imani naye.

Jioni ile nilimpaka Simba kichupa kimoja, na Nyota nikamtia nusu ya kile cha pili shingoni, nyuma ya kichwa. Kufika saa nne usiku masikio yake yakaanza kuchezacheza. Kisha ngozi ya mgongo ikawa inaruka yenyewe, miguu ikakakamaa, akaanguka ubavu huku mate yakimtiririka. Nilimfunga kwenye kanga nikapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo, na njia nzima nilikuwa nausikia mwili wake ukinitetemekea kifuani. Naomba Mungu asinionyeshe tena usiku kama ule.

Daktari aliuliza kitu kimoja tu: "Mmempaka nini?" Nilipompa boksi, akaweka kidole kwenye neno permethrini. Akanieleza kwamba mwili wa mbwa huivunja dawa hiyo, ila ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo, hivyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Dawa ya matone ya mbwa huwa kali mno, na kuigawa nusu hakumsaidii paka. Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akamchoma sindano za kuzuia degedege na kulegeza misuli, akamwekea dripu. Nyota alikaa pale siku mbili. Alhamdulillahi, amerudi nyumbani na anakula.

Sasa nije kwenye boksi lenu. Nililigeuza pande zote nikitafuta onyo, sikuliona. Nilipobandua kwa ukucha stika ya bei iliyowekwa na duka lenu ndipo nikakuta mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo kuliko chembe za ulezi, unaosema dawa hii isitumike kwa paka. Onyo la kuokoa uhai lilikuwa chini ya bei! Hata kama stika isingekuwepo, ni wateja wangapi wa soko la hapa wangeusoma mstari ule?

Tena boksi linasema kichupa kimoja "kinamaliza viroboto." Si kweli. Mayai ya viroboto hudondoka kwenye mikeka na matandiko, na buu akishajifunga ndani ya kifuko chake dawa haimfikii. Anaweza kukaa humo miezi kabla ya kutoka. Daktari ameniagiza kufua matandiko ya Simba kwa maji ya moto, kufagia hadi kwenye kona, na kuendelea na dawa kila mwezi kwa miezi mitatu au zaidi. Muuzaji wenu hakunigusia hata moja. Wala hakunionya kwamba mbwa aliyepakwa dawa hii asilale na paka wala kulambwa naye.

Nataka mnirudishie shilingi 30,000 za dawa na 210,000 nilizomlipa daktari. Risiti zote nimeziambatanisha. Onyo la paka liwekwe mbele ya boksi, kwa herufi kubwa na picha ya paka aliyepigwa mstari, kwa Kiswahili na Kiluganda pia, na stika zisibandikwe juu yake tena. Yule kijana wa dukani simtakii kufukuzwa kazi. Mfundisheni, yeye na wenzake wa maduka yenu yote, kabla hajamwambia mwingine "mgawie nusu."

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitapeleka nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, pamoja na boksi na stika yake, ambavyo nimevihifadhi.

Wenu,
Mteja wenu wa Walukuba