Jibu lisilo na tarehe, Bunge lisilipokee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kipindi cha maswali na majibu bungeni. Mimi ni mtunza hesabu mstaafu, na ugonjwa wa kazi haujaniacha. Bunge likikaa Dodoma, saa tatu asubuhi mimi niko na kaunta buku mezani. Nikikosa kikao, mjukuu ananipakulia Hansard, taarifa rasmi ya yaliyosemwa bungeni, kwenye simu kutoka tovuti ya Bunge. Daftari nimelipigia mistari kama leja: safu ya kwanza swali, ya pili nani amejibu, ya tatu amejibu nini, ya nne lini. Hiyo ya nne ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati, yaani kuta zisizo na paa. Wilaya sitaitaja, maana mbunge wetu ni mtu mwema na ameuliza mpaka sauti imekauka. Tulilijenga wenyewe. Kila kaya ilitoa tofali, kina mama wakasomba maji na mchanga, tukafika kwenye lenta. Hatukukurupuka. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa 2007 hadi 2017, ulisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na tulivyoelewana ni kwamba wananchi wanainua boma, Serikali inaezeka na kumalizia.

Mbunge aliuliza swali la msingi. Akajibiwa kwamba Serikali inathamini nguvu za wananchi na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma kadiri zitakavyopatikana. Mwaka uliofuata akauliza tena. Naibu waziri, tena mwingine, akasema yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge akajionee. Na alikuja kweli, nisimsingizie. Tulimchezea ngoma, akaingia bomani, akatazama juu penye bati ambalo halipo, akasema wataalamu watafanya tathmini. Wataalamu wakaja wawili na futi kamba, wakapima, wakaandika namba ukutani kwa chaki nyekundu. Namba ile iko mpaka leo, upande ambao mvua haipigi. Upande mwingine masika imekula kozi mbili za juu.

Daftarini ahadi hizo zimechukua mistari mitatu. Safu ya nne ni nyeupe.

Najua kuna sababu ya majibu kuwa hivi. Zahanati ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo jengo linajibiwa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kibali cha kuajiri mganga na muuguzi kiko Utumishi, ofisi ya watumishi wa umma. Dawa ni Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa. Mama anayebeba mtoto mwenye homa anaona mlango mmoja, lakini bungeni ni meza tatu, na kila meza inajibu kipande chake tu. Ndiyo maana huwa nasubiri maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi, anayoulizwa Waziri Mkuu mwenyewe. Yeye hana pa kusema hilo liko kwa mwenzangu. Bahati mbaya hata hapo tarehe ni adimu.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulitenganisha na huduma, nami naona ni lile lile: uteuzi. Halmashauri zetu zimejaa makaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinasema si kawaida mtumishi kukaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi sita. Mimi nimewahi kufanya kazi chini ya kaimu kwa muda mrefu kuliko huo, na wengi waliopita ofisi za umma watasema hivyo hivyo. Kaimu anakaa nusu ya kiti. Ukimpelekea hati ya malipo yenye utata kidogo anakwambia iache hapo niipitie, na hapo ndipo itakapolala. Simlaumu. Akisaini vibaya anakosa cheo, asiposaini hakuna atakayemuuliza. Kwa hiyo fedha za bati zinaweza kufika kwenye akaunti kabisa na bado zisitoke, kwa sababu mwenye kalamu hajui kesho atakuwa nani.

Mbunge akiuliza nafasi fulani itajazwa lini, anaambiwa mchakato wa upekuzi unaendelea. Tena husikia watu wakisema uteuzi ni mamlaka ya anayeteua, mbunge haumhusu. Mamlaka ya Rais ya kuteua yamo katika Ibara ya 36 ya Katiba, na sijasikia mbunge akiyabisha. Lakini Ibara ya 63 inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kuuliza nani ateuliwe ni jambo moja. Kuuliza kiti kitakaa wazi mpaka lini ni jambo jingine, na hilo ni la umma kabisa, maana mshahara, posho ya kukaimu na kazi inayolala vyote tunalipa sisi.

Sasa lawama nyingine iende kwa wabunge wenyewe. Muuliza swali ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Ya kwanza inaanza kwa shukrani ndefu kama risala ya harusi, ya pili anasukumia vijiji vitatu na daraja. Halafu lile swali linalopendwa kuliko yote: je, Serikali ina mpango gani? Ukiuliza mpango utaambiwa mpango upo. Serikali yoyote duniani ina mpango. Wapo wanaouliza "ni lini", na hao nawapigia alama ya vema pembeni, ila jibu likija bila siku wala mwezi wanakaa chini wanashukuru kwa majibu mazuri. Kwa nini swali la nyongeza lisiwe fupi tu: fedha hizo ziko kifungu gani cha bajeti, na zitafika halmashauri mwezi gani? Wizara inapelekewa swali la msingi mapema, kwa maandishi. Kalenda wanayo.

Ninachoomba si kikubwa. Ofisi ya Spika iweke kitabu cha ahadi za mawaziri, na kila mkutano wa Bunge unapoanza zisomwe zile ambazo siku yake imepita. Bunge la India lina kamati ya kufuatilia ahadi za Serikali tangu 1953. Jirani zetu Kenya wana Kamati ya Utekelezaji katika Bunge la Taifa yenye kazi hiyo ndani yake, na Uganda nao wana kamati ya ahadi za Serikali. Hizo kamati nazo zina matatizo yake, bila shaka, lakini angalau ahadi inaandikwa na mtu asiyekuwa mstaafu wa kijijini. Na jibu lisilo na tarehe Spika alirudishe, lije tena wiki ijayo.

Mtu atasema fedha hazipo, waziri ataje tarehe ya nini? Basi aseme hazipo. "Mwaka huu hapana" ni jibu. Ningeliandika kwenye safu ya nne kwa wino wa bluu na kulipa alama zote. Kinachotuumiza ni lile jibu la katikati. Miaka miwili iliyopita vijana wetu walioko mjini walituma mchango, bati arobaini na mbao za kenchi zikawa zinapatikana. Wazee tukakaa. Mimi mwenyewe, nakiri, nilisimama nikafungua daftari nikawasomea kwamba Serikali imetamka bungeni itakamilisha maboma, kwa hiyo tusiharakishe, fedha zile zikarabati madawati ya shule. Nikapigiwa makofi. Madawati yalikarabatiwa, na watoto wanayakalia.

Mwezi uliopita tumekaa tena, ajenda ni ile ile ya bati. Mzee mmoja akasema tungoje kwanza Mkutano wa Bajeti wa Aprili, mbunge ameahidi atauliza. Wakageuka wote kuniangalia, wanangoja nifungue daftari.

Ni mimi msomaji wako,
Mtunza hesabu mstaafu