Usiache vidonge, Mama Neema

Dodoma, 9 Julai

Mama Neema mpendwa,

Habari za Kondoa? Huku kipupwe kimeshika, upepo wa asubuhi unapenya hadi kwenye mifupa, na kila nikijifunga kanga navikumbuka vidole vyako. Umeniambia huwezi kusonga ugali kabla ya saa nne, na kwamba kuna mtu kakushauri uache vidonge vya baridi yabisi, unywe maji ya manjano tu. Nilishtuka, ndugu yangu.

Manjano siyadharau. Nimesoma sana habari zake tangu mama aanze kuumwa. Kumbe ile kurkumini, kiini chake kinachosifiwa kutuliza uvimbe, karibu haiingii kwenye damu. Ukiimeza, nyingi inapita tumboni na kutoka. Sasa inatulizaje goti? Watafiti wa China waliwapa kurkumini panya wenye uvimbe wa viungo, wakaona utumbo mwembamba wenyewe unatoa homoni iitwayo somatostatini, na hiyo ndiyo inayopunguza uvimbe. Yaani dawa haikufika kwenye kiungo. Ilibisha hodi utumboni, utumbo ukapeleka ujumbe.

Tena kuna neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaoshuka toka ubongoni hadi tumboni. Mtafiti Kevin Tracey wa Marekani alieleza mwaka 2002 jinsi inavyopeleka habari za uvimbe ubongoni na kurudi na amri ya kuzipoza chembe za kinga, zisimwage TNF, kemikali ileile inayozuiwa na baadhi ya sindano za bei kubwa za ugonjwa wako.

Na ugali wa mtama kwa mlenda, chakula cha bibi zetu! Nyuzinyuzi zake zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa kemikali iitwayo butireti, nayo husaidia kutuliza kinga.

Lakini mengi ya haya yameonekana kwa panya. Vidonge vyako vinazuia mfupa usiliwe, na hilo manjano hayajathibitishwa kuliweza. Mama yangu, aliyekuwa na ugonjwa huuhuu, aliviacha vyake miaka miwili; vidole vikapinda, havikunyooka tena mpaka tunamzika. Ndiyo maana nakusihi. Kula manjano kwenye mboga, lakini ukitaka kuyanywa kwa wingi, mwambie kwanza daktari.

Nimempa konda wa basi la kesho unga wa mtama kilo tano na mlenda mkavu. Siku ya kliniki nijulishe, nitapanda twende wote.

Wako,
Mama Upendo