Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, kabla ya kura ya kiongozi wa ngoma

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, vijana, na nyie mliohamia majimbo mengine ya Marekani mnaosoma hii kwenye simu mkiwa brekini kiwandani, nawasalimu wote. Katiba inasema mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi. Mara hii nimeiandika kabisa na naituma mapema, maana mkutano uliopita nilifika nusu watu wakaanza kubishana habari ya chakula na taarifa ikaishia hapo.

Naanza na ngoma zenyewe. Tumefunga mwaka tukiwa na ngoma 13 zinazolia vizuri. Mnajua kwetu Burundi ngoma hazipangwi shufwa, ni witiri siku zote, inkiranya, ile ngoma ya kiongozi, katikati na zingine zinaizunguka nusu duara, amashakwe wanashika ule mdundo usiokatika na ibishikizo wanamfuata wa katikati popote anapoenda. Sasa kipindi cha baridi mtu mmoja (simtaji, anajijua) aliacha ngoma karibu na hita kanisani, ngozi ikakauka ikapasuka kama chapati. Tukabaki na 12 na tulikuwa na shoo Jumamosi ile. Mzee wetu akasema 12 hapigi, basi tukaacha moja ndani ya gari tukapiga 11, na watu walishangilia vile vile.

Ngozi mpya tulipata kwa muuza nyama wa halali, akatupa mbichi imekunjwa kwenye mfuko wa takataka. Tukailoweka kwenye pipa mpaka asubuhi, vijana wakaivuta pande zote huku wengine wanagongelea vigingi vya mbao kuzunguka mdomo wa ngoma, ukilegeza upande mmoja tu inakaa kombo na sauti inakuwa ya debe. Ikaachwa nje ya gereji ikauke na jua. Harufu ikamfikia jirani, jirani akaita polisi, polisi akaja akaangalia akauliza hii ni nini, tukamweleza, akaomba apige kidogo, akaondoka anacheka. Gogo ni lile lile la zamani, huku hakuna umuvugangoma, ule mti wa kuchongea ngoma, wa kukata, kwa hiyo naomba sana magogo yatunzwe, ngozi tutapata nyingine lakini mti hatupati.

Shoo za mwaka zilikuwa nyingi kuliko uwezo wetu wa kuomba ruhusa kazini. Harusi, misiba miwili, siku ya wakimbizi ya tarehe 20 Juni, shule kadhaa. Kuna tamasha moja walitualika wakasema tuna dakika nne. Dakika nne! Kuingia tu na ngoma kichwani, mnapiga huku mnatembea, mnazunguka, mnazishusha, hizo dakika zimeshaisha na hakuna aliyeruka. Tuliwaambia ahsanteni. Kamati ililaumiwa na baadhi yenu kwa kukataa hela, mimi nasema tulifanya sawa na tungefanya tena.

Haya, sasa tuje kwenye lenyewe. Kiongozi wetu wa ngoma, mzee aliyeanzisha kikundi hiki tangu wote tukiwa apatimenti zile za kwanza tulizopewa tulipofika, amesema anaachia inkiranya. Magoti hayaruki tena, na amesema mwenyewe mbele ya kamati, hajafukuzwa na mtu, nasisitiza kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp kuna voisi inazunguka inasema vijana wamempindua. Hakuna mapinduzi hapa. Mzee yupo, anakuja mazoezini, anakaa kwenye kiti na anapiga kelele kuliko zamani.

Gumu ni nani akae katikati. Kamati imependekeza kijana ambaye alizaliwa kambini Kibondo, Tanzania, akaja huku akiwa mdogo, amepiga ibishikizo miaka yote hiyo hajakosa mazoezi. Basi nikapokea ujumbe kutoka Iowa, Texas, Kentucky, wazee wa zamani wa kikundi, mara ooh huyo hajui Kirundi, mara hana heshima ya ngoma, mara kwetu ngoma ilikuwa ya koo maalum mtu hajiingizii tu. Nawajibu hapa wote mara moja.

Ni kweli, zamani za wafalme ngoma ilikuwa ya koo, baba anamwachia mwana, na kule Gishora karibu na Gitega familia ziliilinda vizazi na vizazi. Haikuwa ya burudani. Ilipigwa mfalme anapotawazwa, anapozikwa, na kwenye umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Kisha ufalme ukafutwa mwaka 1966 na ngoma ikabaki, ikaenda viwanjani, ikaenda Ulaya, na mwaka 2014 UNESCO wakaiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yote hayo nayajua na naringa nayo. Lakini tuambiane ukweli jamani, ni nani kati yetu katoka ukoo wa ngoma? Wazazi wetu walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, wengine wakapita Rwanda, wengine Kongo, vita vikawafuata huko huko mpaka wakaishia Tanzania. Sisi mirisho, yaani fimbo za kupigia, tulishikia kwenye makambi ya Lukole, Mtabila, Kibondo, kwenye ngoma za mti wowote uliopatikana. Yule mzee aliyetufundisha hakuuliza wewe mtoto wa nani, aliuliza tu una mikono. Tulipokelewa hivyo hivyo bila karatasi ya ukoo, leo tukimdai kijana karatasi hiyo mimi naona aibu.

Suala la Kirundi hapo wana haki, na hapo ndipo nawahitaji nyie wa mbali. Kijana anapiga vizuri ila zile sifa anazopaza wa katikati kabla ngoma hazijaitika, anazisema kama anasoma menyu. Anajua sauti yake tu, maana yake haijui. Sasa nyie mnaotuma voisi za dakika saba za malalamiko, tumeni voisi za sifa. Mmoja wenu yule wa Iowa anazo nyingi sana za mifugo na za mashujaa, nilikuwa nikimsikia usiku kambini. Katibu atafungua grupu la pembeni la hizo tu, na Jumapili baada ya ibada vijana watakaa na mzee warudie neno kwa neno. Mapenzi ya mtu kwa kikundi mimi nayapima hapo, siyo kwenye picha za zamani.

La mwisho gumu ni mabinti. Wasichana wanne wamekuwa wakifanya mazoezi na kaka zao na wanapiga, tusidanganyane, mmoja anashika amashakwe bila kuyumba kuliko watu wazima wawili nitakaowataja kwa faragha. Wazee wanapinga na wana sababu yao, wanasema ngoma yenyewe ni mama, ina tumbo, ina kitovu, vile vigingi vya mbao ndiyo matiti yake, ngozi ni ile ngozi ya kubebea mtoto, kwa hiyo mwanamke hampigi mwanamke mwenzie, yeye anacheza pembeni. Pia wananitumia ile amri ya rais wa Burundi ya Oktoba 2017 iliyokataza wanawake kupiga ngoma na kuvitaka vikundi visajiliwe wizarani na kulipia faranga 500,000 kila shoo. Amri naijua. Ila ni ya Burundi, na chama chetu kimesajiliwa jimbo hili, ada tunalipa hapa. Na kwa wale wanaosema ni mila tu bila amri, nawaheshimu, kuna mabibi zetu humu ndani ambao nao hawataki na sitawabeza.

Kamati imefikia hivi: mabinti wanapiga mazoezini na kwenye sherehe zetu wenyewe, kwa shoo za nje wanachama watapiga kura. Mimi kura yangu ni ndiyo, natangaza mapema msije mkasema nilijificha. Mzee nilimuuliza akanyamaza sana, halafu akasema yule wa amashakwe arekebishe mkono wa kushoto. Tafsirini mnavyotaka.

Hela sitaingia ndani, mhazini atasoma vitabu na kila risiti ipo. Tuseme tu kwamba ukiondoa bima ya gari na ukumbi wa mazoezi hatubaki na kitu, na michango mikubwa mwaka huu imetoka kwa waliohama, hilo nalisema wazi na nashukuru kutoka moyoni. Kuna mtu anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama na bado hakukosa mwezi hata mmoja. Wengine mko hapa hapa mtaa wa pili mpaka mhazini aje kugonga mlango.

Uchaguzi ni siku ya mkutano mkuu saa nane mchana, ukumbi ule ule. Kura ni tatu: kiongozi wa ngoma, mabinti kwenye shoo za nje, na mwenyekiti, maana na mimi muda wangu umeisha na sigombei. Walio mbali watapiga kwa simu ya vidio, katibu atahakikisha sura inaonekana, hakuna kupigiana. Kina mama wameshagawana chakula, kwa hiyo mjadala huo umefungwa. Vijana wafike saa sita kushusha ngoma kwenye gari. Ada ya mwaka ilipwe kwa mhazini kabla ya kura, ambaye hajalipa hapigi, hata kama alikuwepo siku tunaanzisha chama.