Uchaguzi wa Jumamosi

Habari zenu akina mama. Jumamosi, kabla ya kuweka hisa, tunachagua kamati mpya ya kikundi chetu cha akiba. Kila mwanachama kura moja, hata kama hisa zako ni nyingi kuliko za jirani. Washika funguo watatu wasiwe wanakamati, ili sanduku la pesa lisifunguliwe na mtu mmoja.

Nasikia kuna wanaosita kugombea kwa sababu hawakusoma. Jamani! Vikundi vya akiba vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, hesabu wakaziweka kichwani. Mnaouza sokoni kila siku mnazijua hesabu kuliko mimi. Mwenye nia aniandikie pembeni kabla ya Ijumaa jioni. Marejesho ya mikopo ni kama kawaida.